Nilimficha Mwanangu Kifo cha Shangazi Yake

Sehemu ya nne

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilipoishia. Wifi yangu Pisila alikata roho Jumapili alfajiri, kabla kengele ya kanisa haijalia. Binti yangu Toakase alikuwa mbali, Nuku'alofa, mji mkuu wetu wa Tonga, katika hosteli ya kanisa, na mtihani wake wa mwisho wa uandishi wa habari ulikuwa unaanza Jumatatu asubuhi.

Nikamwambia mume wangu, Penisimani: "Nitampigia mwenyewe."

Nikatoka na simu. Nikasimama nyuma ya nyumba, karibu na zizi la nguruwe. Nikahesabu mpaka mia. Sikupiga.

Nikarudi ndani nikasema: "Nimempata. Amelia sana. Ila anasema hawezi kuja, ana mtihani."

Maneno hayo ndiyo yaliyonileta gazetini. Yasomeni taratibu, akina mama wenzangu, hasa nyinyi mlioishia darasa la sita kama mimi, mkaapa kwamba mtoto wenu hataishia hapo.

Penisimani alikuwa anajifunga mkeka wa msiba kiunoni. Mikono ikasimama.

"Amesema hawezi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Shangazi yake amekufa, na yeye hawezi."

"Mtihani, Baba Toa. Siku tano tu."

Akavuta kamba ya mkeka, akaikaza kama anayefunga mzigo.

Kwetu kisiwani Vava'u shangazi si mtu wa kupelekewa salamu tu. Ni mkubwa kuliko baba. Pisila ndiye aliyempa Toakase jina, mtoto akiwa na siku mbili. Shangazi akifa, watoto wa kaka yake ndio watu wa chini kabisa msibani. Huvaa mkeka mkuukuu uliochanika, unaowafunika mpaka masikioni. Hukaa jikoni kwenye moshi wakipika, wala hawasogei alipolala marehemu. Hiyo si aibu. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Aibu ni kutokuwepo.

Nilijua yote hayo. Mimi ni mtu wa visiwa vya Ha'apai niliyeolewa huku, na mgeni hujifunza miiko ya nyumba kuliko wenye nyumba.

Lakini nilikuwa na jambo langu. Nikiwa na miaka kumi na miwili, siku ya mtihani wa darasa la sita, nilikuwa nimevaa mkeka wa msiba wa bibi yangu, nachochea kuni. Sikurudi shule tena. Nikasema moyoni: wangu hapana.

Mchana akaja Saane, binti wa marehemu. Macho mekundu, sauti imekauka.

"Mama Toa, Toakase anakuja na feri au ndege?"

"Haji, mwanangu. Mtihani."

Akanitazama kama aliyemwagiwa maji.

"Mama yangu ndiye aliyemshonea sare ya kwanza ya shule. Umemkumbusha hilo?"

"Nimemkumbusha."

"Na bado?"

"Na bado."

"Haya," Saane akasema. "Mwambie tumesikia."

Mtaniuliza habari zilifichikaje. Kwa wepesi wa kutisha. Hosteli ile hukusanya simu za wasichana wote wiki ya mtihani, wanaruhusiwa kupiga nyumbani jioni tu kwa simu ya matroni. Kaka zake wawili, Sateki na Mosese, hawana mazoea ya kumpigia dada yao. Kwetu kaka na dada waliokwisha kukua hawapigi soga. Na mume wangu alikuwa amenuna. Kila jioni simu ikilia alisema: "Usinipe mimi." Kwa hiyo njia zote za kufika kwa mwanangu zilipita kwangu.

Jumatatu jioni akapiga. Mtihani ulikuwa mzuri. Amekula mkate na chai tu kwa hofu. Nikamwambia ale.

Jumanne jioni, nikiwa jikoni kwenye nyumba ya msiba, akaniuliza: "Mama, shangazi amekuja Nuku'alofa?"

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaiweka chini.

"Kwa nini unauliza?"

"Nimemwona leo. Nipo kwenye mtihani, nainua kichwa, namwona nje ya dirisha, amekaa upande wa jiko la chuo. Kwenye moshi kabisa. Nikasema, huyu si shangazi?"

"Umemfananisha."

"Labda. Maana kilichonichekesha ni alivyovaa. Mkeka mbovu, umechanika, umemfika masikioni. Kama mtu wa chini msibani. Shangazi Pisila avae vile? Si ataita polisi!"

Akacheka. Kicheko chake mwanangu ni kikubwa, hujaza simu.

Mimi sikucheka. Wifi yangu alikuwa amelazwa chumba cha pili juu ya mikeka mizuri kumi na miwili, hatua nane kutoka nilipokuwa. Na kule Nuku'alofa alikuwa amekaa kwenye moshi, amevaa mkeka uliompasa mwanangu.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Kalale mapema."

Jumatano tukamzika. Nilitoka makaburini na udongo kwenye kucha, na simu ikaita.

"Mama, leo nimefanya kituko," akasema Toakase. Safari hii hakuwa anacheka. "Pale pa kuandika jina la mtahiniwa, nimeandika Pisila. Mwandiko wangu, kalamu yangu, jina la shangazi. Msimamizi ndiye aliyeniamsha. Ananiambia, wewe msichana, huyu Pisila ni nani katika darasa hili?"

"Uchovu."

"Nimelikata kwa mstari. Mama, nipe shangazi niongee naye. Simwoni vizuri rohoni mwangu."

"Hayupo hapa," nikasema, na hilo peke yake lilikuwa kweli. "Ametoka."

"Mbona sauti yako imekwaruza?"

"Moshi."

Nalo pia lilikuwa kweli. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kudanganya kwa maneno ya kweli matupu.

Nikajiwekea nadhiri: Ijumaa akimaliza karatasi ya mwisho, namwambia. Nikaandaa maneno. Niliyasema peke yangu nikimenya majimbi, nikayasema nikifua, nikayajua kama sala.

Ijumaa saa kumi simu ikaita. Nikavuta pumzi.

"Mwanangu, sikiliza..."

"Mama, wewe sikiliza kwanza! Wamenichukua!"

"Nani?"

"Redio! Mafunzo ya kazi, miezi mitatu! Tulioomba ni kumi na wanane, nafasi moja, na Bwana Feleti, ndiye msimamizi wa kituo, amesema sauti yangu inafaa. Naanza Jumatatu. Mama, utanisikia jikoni kwako! Shangazi naye atanisikia!"

Maneno yangu yote niliyoyaandaa yakarudi tumboni.

Nikasema, aanze kwanza. Wiki moja tu. Akishaizoea kazi, nitamwambia. Akina mama, mnaona jinsi "siku tano tu" inavyozaa "wiki moja tu"? Uongo haukai bila watoto.

"Na simu yako?" nikamwuliza. Hiyo ndiyo niliyoiogopa. Akiifungua ataona pole za watu.

"Matroni amenirudishia, lakini haiwaki. Nimeiweka kwenye chaji tangu mchana. Imekufa, Mama, baridi kama jiwe. Na niliiacha nzima."

Nilishukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru, ingawa sikujua ninamshukuru nani.

Jumatatu akaanza. Kazi yake ilikuwa kuchemsha chai na kupanga karatasi za matangazo. Wakubwa walimtania, wakimwita Kasuku wa Vava'u, kwa kuwa alisoma kila kibao kwa sauti. Kwenye simu ya matroni aliongea mfululizo kama mtu aliyekunywa kahawa.

"Ila studio ina kiti kimoja cha mgeni, Mama. Nakigeuza kitazame ukutani, maana watu hujikwaa. Nikirudi na chai nakikuta kimenitazama mimi. Nimewauliza wote. Wananiambia, Kasuku, hapa hakuna mwenye muda wa kuchezea viti."

"Kiache kilivyo," nikasema.

"Nimekiacha. Leo nimekiamkia, basi tu. Nimesema, hujambo shangazi."

"Kwa nini umesema shangazi?"

"Sijui. Ndivyo mdomo ulivyosema."

Alhamisi akapiga mchana kwa simu ya redio, haikuwa kawaida yake. Alikuwa ananong'ona kwa furaha.

"Mama, mtangazaji wa jioni amepoteza sauti. Bwana Feleti amesema nitasoma mimi matangazo ya jamii. Saa kumi na mbili. Mwambie Baba. Mwambie shangazi!"

Matangazo ya jamii, kwa asiyejua, ni harambee za makanisa, saa za feri, na vifo. Na shukrani za wafiwa.

Hapo ningeweza bado. Nilikuwa na saa nne. Ningempigia matroni nikamwambia, mkimbilieni mwanangu. Badala yake nikajiambia, Saane ameshapeleka tangazo la kifo wiki iliyopita, litakuwa limepita. Sikufikiri kuhusu shukrani.

Saa kumi na mbili tukakaa wote. Penisimani, Sateki, Mosese na mimi. Penisimani hakutaka, lakini redio ikiwa na sauti ya mtoto wako utaizima vipi?

Akaanza na harambee. Sauti safi, haina haraka. Mosese akasema, "Huyo ni yeye kweli?" Baba yake akamnyamazisha kwa mkono. Nikamwona anajizuia kutabasamu.

Kisha saa za feri.

Kisha nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Shukrani," akasoma mwanangu. "Familia ya marehemu Pisila, wa Vava'u, aliyezikwa Jumatano ya wiki iliyopita..."

Akakoma. Pumzi moja. Hata mbili hazikufika.

"...inawashukuru wote waliofika kwa mikeka, vyakula na sala. Inawashukuru wachungaji. Inawashukuru watoto wa kaka yake waliovaa mkeka na kukaa jikoni mpaka mwisho: Sateki na Mosese."

Majina mawili. Watoto wa Penisimani ni watatu.

"Mawe ya kaburi yataoshwa siku ya kumi tangu mazishi, Jumamosi hii. Nyote mnakaribishwa."

Akasoma tangazo lililofuata, mbuzi aliyepotea. Akasoma na la mwisho. Akawatakia wasikilizaji jioni njema.

Penisimani akazima redio.

"Mmesikia?" akasema. "Hata sauti haikutetemeka. Amemsoma dada yangu kama mbuzi aliyepotea."

Sateki akainama.

"Moyo wa jiwe," akasema mume wangu. "Nimezaa jiwe."

Ningesema hapo. Maana mimi niliijua sauti ile. Akiwa na miaka tisa Toakase alianguka kutoka kwenye mshelisheli, mkono ukavunjika mara mbili, akatembea mpaka mlangoni, akaniambia kwa sauti hiyohiyo iliyonyooka: "Mama, tafadhali njoo." Mwanangu akiumia kidogo hulia. Akiumia sana, hunyooka.

Nilikwenda kukanda unga.

Hakupiga jioni ile. Ijumaa asubuhi akapiga matroni.

"Mama Toa, binti yako amepanda feri. Yule bwana wa redio alimwambia, ukiondoka wiki ya kwanza nafasi nampa wa pili, sina jinsi. Akamjibu, mpe. Kuna nini huko kwenu? Usiku kucha hakulala, alikaa kitandani amejifunika shuka mpaka masikioni."

Kwa hiyo ile nafasi niliyoilinda kwa uongo wangu ilikuwa imeshakwenda kwa mtoto wa mwingine.

Jumamosi asubuhi nikaenda gatini Neiafu peke yangu. Alishuka wa mwisho. Nguo nyeusi ya kuazima, imempwaya. Nilinyoosha mikono, akaniamkia kwa adabu, akabaki alipo.

"Uliwaambia nini?" akauliza.

"Mwanangu, twende kwanza nyumbani ule..."

"Mama. Uliwaambia nini?"

Nikamwambia. Pale pale, kati ya magunia ya viazi vikuu, watu wakitupita. Nilimwambia kuhusu zizi la nguruwe na kuhesabu mpaka mia. Nilimwambia kwamba nilisema alijua, na kwamba nilisema alikataa.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na Baba anaamini?"

"Anaamini."

"Na Saane?"

"Naye."

Akatazama maji. Kisha akasema: "Niachie mimi."

Nikafurahi. Naam, nilifurahi! Nikasema, atalipasua mwenyewe, nitaaibika, nitasutwa, mawifi waliobaki watanifukuza mpaka Ha'apai, lakini litakuwa limekwisha. Mwanangu atakuwa safi.

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wameketi wakipaka mafuta ya nazi mawe madogo meusi, yale ya kutandaza kaburini. Walipomwona Toakase mikono ikasimama. Akavua viatu. Akainama mpaka chini, akaingia kwa magoti, akakaa karibu na mlango, mahali pa mtu wa chini.

Penisimani alikuwa ndani. Hakumtazama.

Saane alikuwa na mkasi mapajani. Siku ya kumi watoto wa marehemu huwakata nywele watoto wa mjomba wao. Ni mkato mdogo tu, lakini ndio unaowafungua. Asiyekatwa hubaki na msiba kichwani; haolewi vizuri, hazai vizuri, hafanikiwi kwa lolote. Na mkasi ule hawaushiki wengine. Sateki na Mosese walikuwa wameshakatwa.

"Umekuja," Saane akasema.

"Nimekuja."

"Umechelewa siku kumi, dada mwenye mitihani." Mtu mmoja akaguna. "Nataka kusikia kwa mdomo wako. Siku mama yangu alipokufa, uliambiwa?"

Nikafumba macho. Nikangoja kisu.

"Niliambiwa," akasema Toakase.

Nikafumbua.

"Mama alinipigia Jumapili ileile. Nikasema siwezi. Ni mimi niliyekataa."

Sikuamini masikio yangu. Alikuwa amenyooka mgongo. Ile sauti.

"Basi," Saane akasema polepole, "sina cha kukufungulia. Nywele zako zibaki. Nenda nazo."

Hapo miguu yangu ikasimama yenyewe.

"Si yeye!" nikasema. "Sikumpigia! Hakujua kitu mpaka aliposoma redioni. Nilidanganya mimi, wifi zangu nisikieni, nilidanganya!"

Saane akanitazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Palikuwa na huruma.

"Mama Toa," akasema, "mama gani angesema tofauti?"

"Ni kweli tupu!"

"Mama, keti," Toakase akasema. Akawageukia wote. "Mlinisikia redioni. Nilisoma jina lake mpaka mwisho, nikasoma na la mbuzi. Mnadhani asiyejua angeweza kusoma vile?"

Vichwa vikaanza kutikisika kwa kukubali, kimoja kimoja. Bibi mmoja wa pembeni akasema, "Kweli. Hata hakukohoa."

"Sote tulisikia," akasema Penisimani. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa, na hakumwambia yeye, aliniambia mimi. "Usimtetee. Keti chini."

Ukweli wangu nilikuwa nimeutoa, na hakuna aliyeutaka. Mwanangu alikuwa ameufungia mlango kwa mwili wake, ili nisifukuzwe mimi. Saane akashika mkasi aufunike kwa kitambaa, na siku ya kumi ni moja tu, hairudi.

Sikuketi.

Nilivuka mawe, nikavuka miguu ya wanawake, nikanyoosha mkono wangu wa mtu aliyeolewa tu, nikauchukua mkasi kutoka mkononi mwa Saane.

Mtu akapiga ukelele. Penisimani akaniita kwa jina langu, Kalolaine, jina ambalo hakuwa ameniita tangu tuoane.

Nikazifungua nywele zangu, nizikate mbele yao wote, waamini kwamba mkosaji ni mimi.